Re: Kwa nini hakuna rais aliyemtoa Hoover FBI?
Mkuu umeuliza ilikuwaje J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani), akae pale miaka 48 bila kutolewa, jibu kubwa ni mafaili. Jamaa alipewa kiti 1924 akiwa na miaka 29 tu, akapita na marais 8 mpaka anakufa Mei 1972, na muda wote huo anakusanya siri za wakubwa, nani ana mchepuko nani anakutana na nani, sasa nani angethubutu kumgusa? Haki yake tumpe, alama za vidole na maabara alivijenga yeye. Ila alichofanyiwa Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi, kinaniuma mpaka leo, FBI walimtegea vinasa sauti hotelini halafu 1964 wakamtumia barua isiyo na jina ya kumsukuma ajiue. 1976 ndo Wamarekani wakaweka sheria, mkurugenzi wa FBI mwisho miaka 10.