Kidole tumbo cha mwanangu kilitibiwa kwa sindano, kikarudi baada ya miezi minane

Mkuu wa Makambako, swali lako nimelisoma jana usiku na majibu uliyopewa nimeyaona. Umesema binti wa dada yako, miaka 9, amelazwa Njombe, ultrasaundi imeonyesha kidole tumbo kimevimba, na daktari amewapa njia mbili: antibayotiki za mshipa huku wakimwangalia, au apasuliwe. Nusu ya ukoo inasema mtoto asiguswe na kisu, nusu inasema dawa ni kupoteza muda. Mimi ni mama wa kijana aliyepitia njia zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa hiyo nitakueleza yaliyotukuta na niliyojifunza humo.

Ilikuwa Julai 2023, baridi ya Tukuyu imeshika. Mwanangu alikuwa na miaka 10. Jumapili jioni alikataa chakula, akasema tumbo linauma, kiganja chote amekiweka kitovuni. Nikafikiri ni maparachichi mabichi aliyokula na wenzake. Bibi yake akasema huo ni mchango, akachemsha mizizi, akampa. Usiku alitapika mara mbili. Asubuhi maumivu yalikuwa yamehama: sasa alionyesha kwa kidole kimoja, chini upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga. Kule kuhama ndiko kulikopaswa kunishtua, lakini sikujua. Nilimpeleka zahanati, akapimwa mkojo, tukaambiwa ni UTI, tukarudi nyumbani na vidonge.

Jioni ile alikuja wifi yangu, muuguzi mstaafu. Alimkuta mtoto anatembea amejikunja kama mzee. Akamwambia, "Baba, hebu mrukie shangazi mara moja." Mtoto akainua visigino tu, akalia. Wifi akanigeukia: "Wifi, fungasha nguo. Usimpe chakula, hata uji. Tunakwenda Mbeya sasa hivi." Tulikodi Noah, na kila tuta barabarani kuanzia Kiwira hadi Uyole mtoto alikuwa anashika tumbo. Ile nayo ni dalili, wifi alinieleza njiani: utando wa ndani ya tumbo ukishaguswa na uvimbe, mtikisiko wowote unauma.

Hospitalini walimchukua damu, wakampiga ultrasaundi. Daktari wa upasuaji, dada mmoja mpole sana, alituketisha mimi na mume wangu akatuchorea kwenye karatasi. Kidole tumbo ni kamfuko kembamba kaliko mwanzoni mwa utumbo mpana, upande mmoja kamefunga. Mlango wake ukizibwa, ama na kinyesi kilichokauka kikawa kama kijiwe, ama na tezi za ukuta wake zilizovimba, bakteria wanazaliana ndani, shinikizo linapanda, damu inashindwa kufika kwenye ukuta, mwishowe ukuta unaoza na kutoboka. Usaha unamwagika tumboni. Antibayotiki zinaua bakteria, lakini haziondoi kijiwe. Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mpiga ultrasaundi lilikuwa: kuna kijiwe au hakuna?

Kwetu hakikuonekana. Kidole tumbo kilikuwa na unene wa milimita 9, hapakuwa na usaha uliojikusanya, na maumivu yalikuwa yametimiza saa kama 30 hivi. Akasema, "Mama, mtoto huyu anaingia kwenye kundi ambalo tunaweza kujaribu dawa." Akatueleza kwamba huko Marekani hospitali 10 za watoto zilifuatilia watoto 1,068 wa miaka 7 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2020. Hawakuchukua kila mtoto. Walitaka maumivu yasizidi saa 48, kidole tumbo kisizidi unene wa sentimita 1.1, chembe nyeupe za damu zisipite 18,000, kusiwe na kijiwe wala jipu. Familia 370 zilichagua dawa. Mwaka ulipoisha, watoto 67 katika kila 100 wa kundi hilo hawakuwa wamepasuliwa. Na siku ambazo mtoto alishindwa kuendelea na maisha yake ya kawaida zilikuwa 6.6 kwa wastani, dhidi ya 10.9 kwa waliopasuliwa.

Mimi nikasikia 67 tu. Wale 33 sikuwasikia kabisa, masikio ya mzazi usiku kama ule huchagua. Mume wangu ndiye aliyeuliza: "Na hao wengine, daktari?" Akajibu kwamba baadhi dawa hushindwa mule mule wodini, wengine huondoka wamepona na ugonjwa ukawarudia. Tukachagua dawa.

Naomba uelewe "dawa" maana yake nini hapa, kwa sababu kwenye majibu uliyopewa naona mtu anasema akanunue vidonge duka la dawa. Sivyo hata kidogo. Mwanangu aliwekewa kanula, akawa anapigwa seftriaksoni na metronidazo (ile tunayoiita flajili) kwenye mshipa, na dripu, bila kula chochote mwanzoni. Kila baada ya saa chache daktari alikuja kumbonyeza tumbo na kumpima joto. Chumba cha upasuaji kilijua kwamba yupo. Daktari alituambia wazi: "Kesho kama hajapata nafuu, au homa ikapanda, tunampasua, na sitarudi kuwaomba ruhusa upya." Tulisaini mapema. Siku ya pili aliomba uji mwenyewe, siku ya tatu tulirudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Nililia kwa furaha pale stendi ya Kabwe, watu wananitazama.

Machi 2024 ugonjwa ukarudi.

Wenyeji wa Rungwe wanajua Machi ni mwezi gani. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku kadhaa, na sisi tunakaa ndani kidogo kutoka Tukuyu mjini, barabara ya udongo. Saa nne usiku mtoto akaniamsha: "Mama, ni lile lile." Safari hii sikusubiri chochote. Lakini gari la kwanza lilikwama mlimani, bodaboda wakakataa kupita, tukambeba mgongoni kwa zamu mimi na baba yake hadi barabara ya lami. Mbeya tulifika karibu alfajiri. Katikati ya safari alisema maumivu yamepungua kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote, maana wifi alikuwa ameshanionya: kidole tumbo kikipasuka, maumivu hulegea kwa muda kabla ya kusambaa tumbo zima. Mungu alisaidia, kilikuwa hakijapasuka. Kilikuwa kimevimba sana, na safari hii kijiwe kilionekana. Alipasuliwa asubuhi ile ile. Kovu lake halifikii urefu wa kidole changu cha shahada. Baada ya siku tatu alitembea, baada ya wiki tatu alirudi shule, mpira akakatazwa kwa muda zaidi.

Wakati wa kumtoa, nilimuuliza daktari kama tulikosea mara ya kwanza. Alinijibu hivi: "Hamkukosea, dawa ilifanya kazi. Lakini kama ningejua mnakaa wapi, ningewauliza swali moja zaidi. Mtoto wa Forest au Soweto hapa mjini, ukimrudia anafika kwangu kwa nusu saa. Wa kwenu anafika kwa saa ngapi?"

Mkuu, swali hilo ndilo nililokuja kukuachia. Watu wanabishana dawa au kisu kana kwamba jibu ni moja kwa watoto wote. Baada ya yaliyotupata nimesoma sana, na nimeona hata wataalamu wenyewe wanabishana. Mwanzoni mwa 2025 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 936 wa miaka 5 hadi 16 katika nchi tano: Kanada, Marekani, Finland, Sweden na Singapore. Huu uliwagawa watoto kwa kura, familia hazikuchagua. Katika mwaka mmoja dawa zilishindwa kwa asilimia 34 ya watoto waliopewa. Upande wa upasuaji ulihesabiwa umeshindwa kwa asilimia 7, hasa wale ambao baada ya kupasuliwa ilionekana kidole tumbo hakikuwa na ugonjwa. Hakuna mtoto aliyefariki kwenye kundi lolote. Kwa hiyo anayekuambia dawa itamuua binti anakutisha bure, na anayekuambia dawa ni sawa na upasuaji hakwambii yote. Tena mwaka mmoja si mwisho: Stockholm walifuatilia watoto 24 waliotibiwa kwa dawa, na miaka mitano ilipopita 11 walikuwa wameshatolewa kidole tumbo.

Sasa kwa binti yenu. Umesema kwao ni kijijini Wanging'ombe, na hukusema maumivu yalianza lini. Hilo la pili ndilo la kumwambia daktari kwa ukweli mtupu, hata kama mlimweka nyumbani siku tatu mkimpa dawa za miti, kwa sababu akidhani ni saa 24 kumbe ni siku tatu, hesabu yake yote inaharibika. Semeni kila alichopewa. Mimi niliona aibu kutaja ile mizizi ya bibi, nikaitaja baadaye, na daktari hakunikaripia, aliandika tu.

Kisha ulizeni kuhusu kijiwe. Kama kipo, binafsi nisingejaribu dawa. Na muulize kama hapo hospitalini kuna daktari wa upasuaji na wa usingizi hata usiku na mwisho wa wiki. Hospitali ambayo dawa ikishindwa Jumamosi usiku itabidi iwape rufaa kwenda mbali, hiyo si mahali pa kujaribia. Kwa kuwa ni msichana, nilisoma pia kwamba kifuko cha mayai kikijisokota huuma upande ule ule na hakingoji, hivyo muulize kama ultrasaundi ilikitazama. Najua miaka 9 bado mdogo, lakini huwapata hata hao.

Kama yote yanaruhusu na bado mnataka dawa, basi mwamue leo, kabla hajatoka wodini, siku akirudiwa atasafirishwa na gari la nani, nani anakaa karibu na hospitali wa kuwapokea, fedha ya dharura iko kwa nani. Sisi tulirudi Tukuyu na bahasha ya vidonge bila mpango wowote, ndiyo maana usiku ule wa Machi tulikuwa tunagonga milango ya watu kuomba gari. Nikirudishwa nyuma, kwa ninapokaa mimi, ningechagua upasuaji mara ya kwanza, kiangazi kile, barabara kavu na kidole tumbo bado kidogo. Dada yangu mdogo anakaa Iringa mjini, hospitali ya rufaa aiona kutoka dirishani, na yeye ningemwambia ajaribu dawa bila wasiwasi mkubwa.

Na yule aliyekuandikia kwamba ana dawa ya asili ya kuyeyusha kidole tumbo, tafadhali usimpe namba ya dada yako. Kuna watoto wanaoletwa wodini tumbo limeshakuwa gumu kama ubao, usaha umejaa. Tulilala jirani na mmoja wao, mdogo wa miaka minne, mipira ya kutolea usaha inatoka tumboni, mama yake alikuwa amekaa naye wiki ya tatu. Kwa watoto wadogo hivyo kidole tumbo hupasuka haraka, tena hawawezi kueleza panapouma, wazazi wanadhani ni minyoo.

Mpigie dada yako jioni hii, muulize hayo mawili: maumivu yalianza saa ngapi, na kijiwe kipo au hakipo. Ukipata majibu yaandike hapa. Wifi yangu yuko nami hapa nyumbani hadi Jumatatu, nitamsomea.