Jiko la zamani au jipya la kuchomea nyama?
Kwa kuwa una majiko mawili ya gesi ya kuchomea nyama na nafasi ya moja tu, ningekushauri usiamue kwa umri wala kwa mng'aro. Toa wavu wa lile la zamani, kisha ulichunguze kwa ndani: ikiwa sanduku lake ni la aluminiamu nene au chuma kizito ambacho hakijatobolewa na kutu, baki nalo, kwa maana vichomeo, mpira wa gesi na rigyuleta (kifaa kinachodhibiti msukumo wa gesi kutoka mtungini) hubadilishwa kwa urahisi, ilhali bati jembamba la majiko mengi mapya likishaoza halina tiba. Mwali wa manjano usikutishe mapema; huenda buibui amejenga utando ndani ya bomba la kichomeo na kuzuia hewa, nami nimewahi kuutoa kwa brashi ndefu, mwali ukarudia ubuluu wake. Jambo moja sitalilegeza: paka maji ya sabuni kwenye mpira na maungio yote, fungulia gesi bila kuwasha, na mapovu yakitokea popote, usiliwashe kabisa kabla ya kubadilisha sehemu hiyo. Ikiwa vipuri vyake havipatikani tena, chukua jipya.