Pilau na picha tu?

Ndugu, umeuliza tuzo wanazopewa wahitimu na walimu wakongwe wa sheria zina faida gani zaidi ya kula pilau na kupiga picha. Swali zuri, maana sherehe nyingine kweli ni pilau tu.

Lakini mchukue Profesa Issa Shivji. Alisoma sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha palepale hadi alipostaafu 2006. Mwaka 1991 akapewa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, ikazunguka nchini kusikiliza wananchi. Baadaye zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, ambazo hazikufuata yote tume iliyoshauri, na mzee mwenyewe alizikosoa bila kumung'unya maneno. Sisi wa Dodoma, tuliobeba migogoro ya viwanja enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mpaka ikavunjwa 2017, tunajua uzito wa kazi ile. Kijana anayesoma sheria pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akisimuliwa hayo siku ya tuzo, anaona kwamba sheria si suti na kesi za matajiri tu.

Ninachokataa ni orodha ya watuzwa yenye majaji na mawaziri peke yao. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyezeekea Kondoa au Mpwapwa akiamua mirathi na kesi za ng'ombe, yeye nani anamkumbuka? Ningekuwa kwenye kamati, ningeanza na huyo. Na apewe angali hai, asisubiri kusomewa wasifu makaburini.