Kufunga choo wakati wa tiba ya limfoma

Je, mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, akifunga choo siku chache baada ya dripu ya dawa za saratani, chanzo ni dawa hizo? Ndiyo, kunatokana na dawa zenyewe na si chakula peke yake: vinkristini, iliyomo katika mchanganyiko wa dawa uitwao R-CHOP unaotumika sana kutibu limfoma, hudhoofisha neva zinazoendesha utumbo, na ondansetroni inayotolewa kuzuia kichefuchefu huongeza tatizo hilohilo. Kwa hiyo anza mapema, kabla choo hakijawa kigumu, kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, kula mboga zilizopikwa, matunda yaliyooshwa vizuri na kumenywa, maharage na nafaka zisizokobolewa, na kutembea kila siku hata kwa dakika chache, kwa kuwa mwendo wa mwili huamsha utumbo. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu wa choo. Hili ndilo wengi hulisahau.

Hata hivyo, mara nyingi chakula pekee hakitoshi, na ni vyema kumwomba daktari dawa ya kulainisha choo tangu mzunguko wa kwanza wa tiba. Tafadhali usitumie enema wala dawa yoyote ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa bila ruhusa yake, kwani chembe nyeupe za damu zinapokuwa chache, mchubuko mdogo tu unaweza kuingiza maambukizi hatari. Tumbo likivimba na kuuma, ukitapika, ukishindwa kutoa hata upepo, au homa ikifika nyuzi 38 za Selsiasi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.