Siku ya watoto baharini, ubao wangu haugusi maji

Ndugu, umesema ukiwa mawimbini juu ya ubao unawawaza watoto, na ukikaa nao ufuoni macho yanafuata mawimbi, ukauliza sisi wengine tunafanyaje. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uzime simu. Wamesema kweli, ila kwa mtu anayependa kuteleza mawimbini, kinachomvuta zaidi ni bahari yenyewe.

Mimi niko Malindi, nina watoto wawili, na msimamo wangu ni kutochanganya. Siku yao nachukua ubao wao peke yake. Siku yangu watoto wako na mama yao, nami naingia nikiwa na roho tulivu kwa sababu najua walipo na nani anawaangalia. Tuliyapanga haya mimi na mke wangu, na yeye pia ana siku yake.

Si rahisi, hasa majira ya kusi, upepo utokao kusini. Hapa kwetu Mto Sabaki unamwaga tope baharini kaskazini ya mji, na matumbawe hayapendi maji ya tope, kwa hiyo mawimbi ya kusi yanaingia ghubani hadi ufuoni bila mwamba wa kuyavunja nguvu. Unasimama maji ya kiunoni umeshika ubao wa mwanao, unaliona wimbi safi linajipanga kule nje, na unaliacha lipite. Linauma. Lakini ukiwa na ubao wako karibu utasema "moja tu, narudi", na wimbi moja halimtoshi mtu yeyote ninayemjua.

Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinazama na kuibuka, mdomo uko usawa wa maji, hana pumzi ya kuita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndiyo maana nakaa mahali ambapo mkono wangu unamfikia, sikai mchangani.

Kabla ya kuingia tunaketi kwanza tuyasome maji. Nawauliza: mawimbi yanavunjikia wapi? Yanakuja kwa makundi, kisha kunatulia. Kundi lijalo liko wapi? Na pale katikati pasipo na povu, pametulia, pana nini? Mtoto akiachwa peke yake atapachagua hapo, na mara nyingi hapo ndipo mkondo unaporudi baharini. Wangu wanajua kwamba mkondo ukikuchukua hushindani nao: unaelea, unainua mkono, na ukiweza unaogelea sambamba na ufuo mpaka utoke.

Kisha kazi ya kusukuma. Naliangalia wimbi linalokuja, namwangalia na mtoto kama amejiweka sawa, kisha nasukuma. Nikiwahi, wimbi linamkuta ubao umeshapoteza mwendo, nikichelewa, linampita. Akitazama miguu anaanguka, akitazama ufuoni anasimama. Katika kazi hiyo huna nafasi ya kuwaza ofisi, na wala hujilazimishi. Nimeona kwamba kujiambia "leo nitatulia na watoto" hakusaidii kitu kama mikono na macho havina la kufanya. Hata nyumbani ni hivyo: nikiketi tu sebuleni nao akili inaondoka, tukikuna nazi pamoja nipo.

Jambo jingine, na najua wengi hawatalipenda: usirekodi video. Mtoto akisimama juu ya ubao mara ya kwanza anageuka kukutafuta uso, na uso wako uko nyuma ya simu. Mwenzako akitaka kupiga picha kutoka mchangani, apige.

Saa ya kwenda msiipange ninyi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyowafaa Jumamosi hii haitawafaa ijayo. Angalieni jedwali la maji kupwa na kujaa, mkubaliane siku mbili kabla. Wangu wameshajua kwamba bahari haisubiri kikao cha baba, na wananikumbusha wenyewe.

Hukusema wako wana umri gani. Kama hawajajua kuogelea, waache ubao kwanza. Anza siku za maji mafu, wakati bahari haipandi wala kushuka sana, mahali penye mwamba unaokinga mawimbi, wajifunze kuelea chali mpaka wazoee. Ukishawapitisha hapo niandikie, tuzungumzie ubao wa kuwafaa.