Kwa mnaoanza wodi ya upasuaji: msisubiri mgonjwa alalamike

Ukipangiwa wodi ya upasuaji kwa mara ya kwanza, iwe KCMC au Mawenzi hapa Moshi, au Mount Meru kule Arusha, utatamani kushinda thieta. Ni kawaida, na kuna mengi ya kujifunza huko. Lakini hatari kubwa iko wodini. Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa waliofariki baada ya kupasuliwa, zaidi ya 9 katika kila 10 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani kazi ya kuokoa maisha iko sana mikononi mwa anayepima mapigo saa tisa usiku.

Tuanze na kabla ya thieta, kwenye kufunga kula. Ukimuuliza mgonjwa "umekula?" atasema hapana, na hadanganyi, kwa sababu chai ya maziwa au kikombe cha mtori alichopewa na shangazi yake hakihesabu kama kula. Muulize hivi: "Kitu cha mwisho kupita mdomoni kilikuwa nini, na saa ngapi?" Kabla ya usingizi wa dawa, chakula, uji, mtori na chochote chenye maziwa vinahitaji muda wa saa 6 tangu kuliwa. Maziwa ya mama ni saa 4. Maji matupu au chai ya rangi ni saa 2. Akisema alikula saa mbili, usiandike 2. Uliza asubuhi au usiku, kisha andika 08:00 au 20:00. Ukiandika 2, mtaalamu wa usingizi anaweza kusoma saa nane ya usiku na kudhani tumbo ni tupu, kumbe mgonjwa alikunywa uji asubuhi. Chakula kikipanda akiwa amelala usingizi wa dawa, kinaingia kwenye mapafu.

Aliyeumia kwa bodaboda ana hesabu yake. Tumbo lake hupunguza au kusimamisha kazi tangu alipoumia, kwa hiyo kinachokuhusu zaidi ni muda kati ya mlo wa mwisho na ajali. Mwenye utumbo ulioziba hata akae siku nzima bila kula tumbo lake si tupu. Huyo anahitaji mpira wa puani wa kutoa yaliyomo tumboni kabla ya kwenda thieta. Na msizidishe upande wa pili: mtoto aliyezuiwa hata maji tangu jana usiku, halafu zamu yake ikafika mchana, anaingia mezani akiwa amekaukiwa. Fuatilia orodha ya siku hiyo, umpe maji mpaka saa 2 kabla ya zamu yake.

Nywele za eneo la upasuaji msinyoe kwa wembe. Wembe huacha michubuko midogo ambamo bakteria hukaa. Kama lazima zitoke, zipunguzwe kwa mashine siku hiyohiyo.

Sasa mgonjwa amerudi. Saa ya kwanza mpime kila dakika 15, kisha kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa mpaka atulie, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, ukimtazama kifua. Usiandike 20 kwa kila mtu kwa mazoea. Ni kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote, nacho huwa cha mwanzo kubadilika.

Presha ndiyo inayowapoteza wageni wengi. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu hadi karibu lita 1.5 presha yake ikiwa bado inaonekana nzuri, kwa kuwa mishipa imejikaza na moyo unakimbia. Presha ikishuka, umeshachelewa. Kwa hiyo soma mwelekeo. Mapigo yaliyokuwa 84, yakawa 96, yakawa 112, yanakuambia kitu hata kama kila namba peke yake haikutishi. Mguse mikono: je, ni ya baridi? Mfunue shuka utazame bandeji na dreni, yaani mpira unaotoa damu na majimaji kwenye kidonda. Dreni iliyokuwa ikitoa damu halafu ikakauka ghafla inaweza kuwa imezibwa na damu iliyoganda, wakati tumbo linaendelea kujaa.

Mkojo ni kipimo kizuri kuliko tunavyoupa heshima. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Mwenye kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Baada ya saa 6 mfuko uwe na 180 au zaidi. Ukikuta 70, kwanza angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au mgonjwa ameulalia, kisha piga simu. Usiandike "mkojo unatoka" bila namba.

Na simu yenyewe iwe hivi: "Daktari, ni wodi ya upasuaji wanaume, kitanda cha 7. Mgonjwa wa miaka 40, amepasuliwa tumbo leo 14:00. Mapigo yalikuwa 88, sasa 124. Presha 100 kwa 60. Mkojo mililita 20 kwa saa 2. Tumbo linazidi kujaa. Naomba uje umwone sasa." Ukisema tu "mgonjwa hayuko vizuri", daktari wa zamu mwenye wagonjwa watano hatajua aanze na nani. Asipopokea, mpigie anayemfuata kwa cheo, na uandike muda wa kila simu.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye tunasisitiza sana: aliyevunjika mguu na kufungwa hogo (plasta ngumu). Akilia maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, msimwite mwoga. Shika vidole vya mguu huo, uvinyooshe na kuvikunja polepole. Akipiga kelele kwa hilo tu, misuli imevimba ndani ya nafasi isiyotanuka na damu haiifikii. Kuhisi mapigo mguuni kusikutulize. Huwa ya mwisho kupotea. Hogo na pamba yake vipasuliwe urefu wote mpaka ngozi ionekane, mguu uwekwe usawa wa moyo bila kuinuliwa juu, na daktari wa upasuaji aitwe hapohapo. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa isirudi tena. Katika wodi ya mifupa, hakuna kosa linaloumiza roho kama kumpa huyu dawa nyingine ya maumivu kama diklofenaki na kuendelea na zamu.

Maumivu ya tumbo lililopasuliwa nayo yatibiwe kwa ratiba, yasisubiri kuombwa. Wazee wa huku, na wagonjwa wengi wa Kimaasai kutoka Longido na Simanjiro, watanyamaza wakiumia. Kimya chao kisiandikwe kama nafuu. Mwambie akohoe: asiyeweza kukohoa hatapumua kwa kina, makohozi yatabaki, na siku ya pili utakuta homa ya mapafu. Kama hajui Kiswahili vizuri, tafuta mtumishi wa kutafsiri. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi kueleza habari za kukatwa utumbo.

Siku ya kuruhusiwa huenda haraka mno. Kidonda kinaweza kupata maambukizi hadi siku 30 baada ya upasuaji, na wakati huo mgonjwa yuko Rombo au Same. Mwambie nyuzi zitatolewa lini na zahanati gani; za tumbo mara nyingi ni siku ya 10 hadi 14. Aliyefanyiwa ngiri usimwambie "usibebe mizigo", maana kwake ndoo ya lita 20 si mzigo, ni maji ya nyumbani. Zitaje: ndoo, mkungu wa ndizi, gunia, kwa takriban wiki 6. Mtajie na dalili za kurudi haraka: homa, usaha, kidonda kuwa chekundu na cha moto, kutapika, tumbo kujaa. Kisha mwombe akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake, na ndugu atakayemtunza awepo akisikia.