Mzee na kadi ambayo haikuwapo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki shirika la ndege kumtaka abiria aonyeshe, pale kaunta ya kuchekini, kadi ya benki iliyolipia tiketi yake. Nitafika huko. Naomba nianze na swali ambalo hamkuuliza: kadi ikishaonyeshwa, inathibitisha nini? Kugombania haki ya kitendo kisicho na kazi ni kupoteza wino, na nilipoketi kuandika niliamini kabisa kwamba hakina kazi.

Watu wengi hudhani mhudumu anaiona namba yote ya kadi kwenye kompyuta yake. Haioni. Kanuni za usalama za kampuni za kadi zinataka namba ifichwe katikati, kwa hiyo kwa kawaida hubakiwa na tarakimu za mwanzo, zinazoonyesha benki iliyotoa kadi, na nne za mwisho. Zile tatu za usalama zilizo nyuma ya kadi hazipo popote, kwa kuwa ni marufuku muuzaji kuzihifadhi baada ya benki kuidhinisha malipo. Kwenye bukingi kuna noti fupi inayosema kadi ikaguliwe, basi. Mhudumu anasoma nne za mwisho, anatazama jina kwenye kadi na kwenye pasipoti, anaondoa noti, pasi ya kupandia inachapwa. Kadi haichomekwi popote wala benki haiulizwi. Kadi iliyoripotiwa kuibwa jana usiku inaweza kupita pale asubuhi bila mtu kushtuka.

Noti hiyo kwa kawaida huwekwa na programu inayopima kila malipo. Inashtuka tiketi ikinunuliwa saa chache kabla ya safari, ikiwa ya kwenda tu, kadi ikiwa imetolewa nchi isiyohusiana na safari, jina la mwenye kadi likiwa si la abiria yeyote, au kadi tatu zikikataliwa kabla ya ya nne kukubali. Someni tena orodha hiyo mkimfikiria kijana anayekimbilia msiba kwa tiketi aliyolipiwa usiku na dada yake aliye ughaibuni. Ndiye huyo huyo.

Hofu ya shirika naielewa. Mwenye kadi akikana malipo, na kwa kawaida ana hadi siku 120 za kufanya hivyo, benki yake humrudishia fedha na kumgeukia muuzaji. Shati lililouzwa kwa kadi ya wizi pengine litapatikana. Kiti kilichokwisha kuruka hakirudi ghalani. Lakini mnunuzi akithibitisha malipo kwa namba ya siri ya mara moja, au kwa kidole kwenye programu ya benki yake, hasara ya wizi kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Hapo kaunta inatafuta nini tena?

Kuna kisa kinachonirudia kila jambo hili linapotajwa, na nitakisimulia chote hata kama mhariri mkasi unamwasha mkononi. Mzee mmoja alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi aliyoinunua kwa wakala wa mtandaoni, kwa kadi yake na kwa jina lake. Kaunta wakataka kadi. Akaitoa bila neno. Mhudumu akasoma, akasoma tena: nne za mwisho hazilingani.

"Mzee, huna kadi nyingine?"

"Sina. Ni hii hii."

Akafungua ujumbe wa benki kwenye simu. Kiasi kilikuwa kile kile, tarehe ile ile, na kadi ni yake, lakini aliyelipwa ni wakala, si shirika la ndege. Badala ya kumsafisha, ujumbe ule ukamtia matope zaidi. Kumbe ndivyo mawakala wengi wa mtandaoni wanavyofanya kazi: fedha yako wanaichukua wao, kisha wanalilipa shirika kwa kadi pepe, namba inayotengenezwa kwa ajili ya tiketi moja tu na kufa baada ya hapo. Shirika linabaki na tarakimu nne za kadi ambayo haikuwahi kuwa plastiki. Mzee alikuwa anaombwa kitu ambacho hakuna binadamu angeweza kukileta pale.

Kaunta za safari za kimataifa mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na muda ulikuwa unayeyuka. Msimamizi wa zamu akaja na dawa ya kila siku: nunua tiketi mpya kwa kadi hiyo uliyonayo, ile ya kwanza tutakurudishia fedha. Ni dawa tamu masikioni. Tiketi mpya mara nyingi huuzwa kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya miezi miwili nyuma. Na fedha ya tiketi ya kwanza hurudi ilikotoka, yaani kwenye kadi pepe ya wakala, kisha mzee aanze kumfukuzia wakala kwa barua pepe. Hilo hakuna aliyemwambia.

Aliyemwokoa ni mhudumu wa kaunta ya pili, mtu aliyepitia ofisi ya tiketi. Alisema waiache bukingi, wafungue tiketi. Abiria hudhani ni kitu kimoja. Bukingi, ile namba ya herufi na tarakimu sita, inaeleza nani anasafiri na lini. Tiketi, yenye namba ya tarakimu 13, inaeleza nani aliitoa na ililipwaje. Wakaifungua, wakakuta namba ya wakala aliyeitoa. Tiketi ya wakala ikikanwa, shirika kwa kawaida humpelekea wakala deni hilo. Noti ile, kwa maneno mengine, ilikuwa inalinda fedha ambayo haikuwa hatarini, na ilimwangukia mtu asiyehusika. Ikaondolewa. Mzee akauliza kama sasa anaruhusiwa kurudisha kadi yake mfukoni.

Nilikusudia kuishia hapa na kusema utaratibu wote ufutwe. Lakini nikiandika habari za tiketi za kadi za wizi, siwezi kuruka sehemu moja: mwizi mara nyingi hasafiri. Anauza. Anaweka tangazo la tiketi nafuu mtandaoni, anapokea fedha taslimu au kwa simu, kisha anamlipia mteja kwa kadi ya mtu mwingine, saa chache kabla ya safari ili mwenye kadi asiwahi kugundua. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, imeratibu mara kadhaa siku za msako wa tiketi za namna hii viwanjani, ikishirikiana na mashirika ya ndege na kampuni za kadi. Anayekutwa kaunta mara nyingi ni mteja aliyedhani amebahatika.

Mteja huyo asipoulizwa, anaruka. Siku kadhaa baadaye mwenye kadi anaona malipo asiyoyajua, anayakana, na shirika linafuta safari ya kurudi. Sasa yuko ugenini, tiketi haipo, muuzaji kazima simu. Nikiwaweka kwenye mizani yeye na mzee wangu, nakiri inaniwia vigumu. Kaunta ndipo mahali pekee ambapo mtu anamwuliza uso kwa uso: hii nani alikulipia? Na ile namba ya siri ya mara moja niliyoitegemea hapo juu, matapeli huipata kwa kumpigia simu mwenye kadi wakijifanya benki, naye akaitaja mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililokuja nalo: ndiyo, waulize, ila kwa tiketi walizouza wenyewe, na waseme siku ya kununua, kabla ya kulipa, si kwa maandishi madogo. Anayelipiwa na ndugu aelezwe mapema aende ofisi ya tiketi na barua ya mwenye kadi, nakala ya kitambulisho chake, na picha ya upande wa mbele wa kadi iliyozibwa tarakimu za katikati. Aliyebadilishiwa kadi na benki baada ya kununua aombe barua inayotaja nne za mwisho za zamani na mpya. Asisubiri kubishana foleni ikiwa ndefu. Aliyelipa kwa kadi iliyowekwa ndani ya simu anaweza kukwama vile vile, kwa sababu simu hutumia namba ya kadi ya pekee, tofauti na iliyo kwenye plastiki. Nne za mwisho za namba hiyo zinaonekana kwenye mipangilio ya kadi ndani ya simu. Tena siku hizi kuna kadi zisizochapwa namba kabisa, kama Apple Card, kadi ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 2019. Mhudumu atasoma nini hapo?

Mhudumu akitaka kutoa fotokopi ya nyuma ya kadi, kataa kwa adabu, au funika zile tarakimu tatu kwa kidole. Na kwa tiketi za mawakala wa mtandaoni, nabaki pale pale nilipoanza: kuonyesha kadi hakuna kazi.